Nauli za meli za mafuta: nani yuko sahihi, anayehesabu meli au anayehesabu maili?

Tarehe 25 Septemba 2019 Marekani iliiwekea vikwazo kampuni ya COSCO Shipping Tanker ya Dalian, China, ikiituhumu kubeba mafuta ya Iran. Siku hiyo hakuna meli iliyozama, wala hakuna kisima kipya kilichofunguliwa. Kampuni ile ilikuwa na meli kubwa za mafuta ghafi ishirini na kitu, katika dunia iliyokuwa na takriban mia nane za aina hiyo. Ni kama asilimia tatu tu. Lakini ilipofika katikati ya Oktoba, safari ya kutoka Ghuba ya Uajemi kwenda China ilikuwa inamwingizia mwenye meli zaidi ya dola 200,000 kwa siku, wakati wiki chache kabla alikuwa anaridhika na makumi ya maelfu. Vikwazo viliondolewa Januari 31, 2020, na kufikia hapo nauli zilikuwa zimeshaporomoka.

Asilimia tatu ya meli kuondoka na bei kupanda mara kadhaa: anayelielewa hilo ameshaelewa sehemu kubwa ya biashara hii. Tuchukue hesabu ya mfano. Meli kubwa, zile zinazoitwa VLCC, hubeba mapipa milioni 2. Pipa likiwa dola 80, shehena nzima ni dola milioni 160. Nauli ikiwa dola milioni 4, kila pipa limebeba dola 2 za usafiri. Nauli ikipanda maradufu, pipa linabeba dola 4. Mwenye kiwanda cha kusafishia mafuta atalalamika, atapiga simu kwa madalali watatu, kisha atalipa, kwa sababu kufunga mitambo kutamgharimu zaidi ya hizo dola mbili. Upande wa pili, mwenye meli naye hana pa kuitoa meli ya ziada. Akiagiza leo Korea Kusini au China ataipokea baada ya miaka miwili mitatu. Anachoweza kufanya leo ni kuongeza mwendo kidogo na kuahirisha matengenezo. Mahitaji hayashuki, ugavi hauongezeki, kwa hiyo kinachobaki kucheza ni bei peke yake.

Na inacheza pande zote mbili. Mwaka 2021, baada ya OPEC+, muungano wa nchi zinazouza mafuta, kubana uzalishaji, kuna miezi ambayo safari hiyohiyo ya Ghuba hadi China haikurudisha hata pesa ya mafuta ya kuendeshea meli. Wenye meli waliikubali kwa sababu meli iliyotia nanga Fujairah, bandari ya Falme za Kiarabu, nayo inakula: mabaharia wanalipwa, bima inalipwa, benki haisubiri. Mwaka mmoja tu nyuma, Aprili 2020, walikuwa wanachekelea. Uviko ulikuwa umefunga dunia, Saudi Arabia na Urusi zilikuwa zimetoka kugombania soko kwa kumwaga mafuta, matangi ya nchi kavu yalijaa, na wafanyabiashara wakakodi meli wasizipeleke popote, wazifanye ghala. Tarehe 20 mwezi ule pipa la Marekani liliuzwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Muuzaji alikuwa anamlipa mnunuzi alichukue. Mwenye tangi lolote linaloelea alikuwa mfalme.

Kwa hiyo, mapipa mangapi yanasafirishwa ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni yanasafirishwa wapi. Watu wa soko hili hupima mahitaji kwa tani-maili: uzito wa shehena mara umbali wa safari. Shehena moja ikienda mbali maradufu, imeikalia meli maradufu, na meli hiyo haipatikani kwa mteja mwingine. Hapo ndipo ulipo mjadala uliolitawala soko tangu 2022.

Kabla ya vita vya Ukraine, meli iliyopakia Primorsk, bandari ya Urusi kwenye Bahari ya Baltiki, ilifika Rotterdam kwa takriban wiki moja. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku mafuta ghafi ya Urusi ya baharini kuanzia Desemba 5, 2022, na dizeli na bidhaa nyingine kuanzia Februari 5, 2023, mapipa yaleyale yalianza kwenda bandari za Sikka na Vadinar kule Gujarat, India, au mbali zaidi hadi China. Safari ya wiki ikawa ya mwezi na zaidi. Ulaya nayo ikalazimika kuleta dizeli yake kutoka Ghuba, India na Marekani. Kusema kweli, baadhi ya dizeli iliyoingia Ulaya ilitoka kwenye viwanda vya India vilivyonunua mafuta ghafi ya Urusi. Dunia haikuchoma mafuta zaidi kwa sababu hiyo. Ilizungusha tu.

Kisha Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu. Januari 26, 2024 kombora liliiwasha moto Marlin Luanda iliyokuwa na nafta, aina ya mafuta mepesi, kwenye Ghuba ya Aden. Agosti mwaka huohuo Sounion, yenye takriban mapipa milioni moja ya mafuta ghafi, ilishambuliwa, mabaharia wakaokolewa, na meli ikabaki inaungua baharini kwa wiki kadhaa. Kampuni nyingi zikaamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Kutoka Ghuba hadi Rotterdam kwa Mfereji wa Suez ni takriban maili 6,400 za baharini. Kwa kuzunguka Afrika ni kama 11,200.

Wenye matumaini, na wengi wao wana meli za kuuza au hisa za kutetea, wanasema nguvu ya soko hili ni ya kweli na itadumu. Hoja yao kubwa si vita bali karakana za kuunda meli. Mwanzoni mwa 2023 meli za mafuta zilizokuwa zimeagizwa zilikuwa karibu asilimia 5 tu ya zilizopo baharini, kiwango cha chini kuliko cha miongo mingi. Wenye meli walikuwa wameungua 2021, hawakujua kanuni za hewa ya ukaa zitawataka waendeshe meli kwa nishati gani, na karakana zilikuwa zimejaa oda za meli za makontena na za gesi. Wakati huohuo meli zilizopo zinazeeka. Kampuni kubwa za mafuta hukwepa kukodi meli iliyopita miaka 15, na meli ya miaka 20 kwa kawaida huwa inaelekea Alang, India, au Chattogram, Bangladesh, kukatwa kuwa vyuma chakavu. Ugavi mdogo, kwa hesabu hiyo, umeshaandikwa miaka kadhaa mbele. John Fredriksen, tajiri wa meli mzaliwa wa Norway, hakusubiri mjadala uishe: Oktoba 2023 kampuni yake ya Frontline ilikubaliana kununua VLCC 24 za Euronav kwa dola bilioni 2.35. Alinunua za mitumba, hakuagiza mpya. Hilo nalo ni jibu la aina yake.

Wenye shaka wanajibu kwamba mahitaji yenyewe ni ya kuazima. Ukiondoa mzunguko wa Urusi na mzunguko wa Rasi, kinachobaki ni dunia inayokaribia kutosheka na mafuta. China, mnunuzi mkubwa kuliko wote, iliagiza mafuta ghafi kidogo zaidi mwaka 2024 kuliko 2023. Magari ya umeme yamejaa barabarani na malori yake mengi yamehamia gesi. Na oda za karakana hazikubaki asilimia 5. Nauli nzuri zilipodumu, wenye meli walifanya wanachofanya siku zote, na kitabu cha oda kimepanda zaidi ya maradufu tangu hapo. Meli hizo zinaingia majini katikati na mwishoni mwa muongo huu.

Wenye shaka wana historia upande wao, na ni historia inayouma. Mfereji wa Suez ulifungwa kwenye vita vya Juni 1967 na haukufunguliwa hadi Juni 1975. Miaka minane ya kuzunguka Afrika ndiyo iliyowapa moyo wenye meli kuunda majitu. Wafaransa waliunda meli nne za ndugu huko Saint-Nazaire, kila mmoja akibeba zaidi ya tani 550,000. Lakini Oktoba 1973 waarabu walikuwa wamekata mafuta, bei ikapaa, dunia ikajifunza kubana matumizi, na oda zilizokuwa zimesainiwa hazikuweza kurudishwa. Mmoja wa wale ndugu, Pierre Guillaumat, alikabidhiwa 1977 na kukatwa vyuma 1983. Meli ya kutumika miaka ishirini na tano iliishi sita. Mamia ya nyingine zilifungwa kamba kwenye vijito virefu vya bahari kule Norway, tupu, zikisubiri soko ambalo halikurudi kwa miaka.

Kama mjadala ungeishia hapo, ningesimama na wenye shaka bila kusita. Umbali unaotokana na siasa unaweza kufutwa kwa saini moja, lakini meli iliyoagizwa haifutiki. Ila kuna kundi la tatu la meli ambalo pande zote mbili hulihesabu vibaya, na kwangu ndilo lenye uzito wa kugeuza mizani.

Ni zile zinazoitwa meli za kivuli. Tangu 2022 mamia ya meli kuukuu, ambazo zingekuwa zimeshakatwa, zilinunuliwa na kampuni zisizojulikana ni za nani, zikabadilishwa majina na bendera, na kupelekwa kubeba mafuta ya Urusi, Iran na Venezuela. Kwenye takwimu bado ni meli: zina namba, zina tani, zinajumlishwa kwenye ugavi wa dunia. Kwenye soko la kawaida hazipo. Hakuna kampuni kubwa itakayoikodi meli isiyo na bima inayoeleweka. Mei 1, 2023 moja yao, Pablo, iliyoundwa 1997 na kupeperusha bendera ya Gabon, ililipuka nje ya pwani ya Malaysia ikiwa haina shehena, mabaharia watatu wakapotea, na likabaki swali la nani wa kulipia gharama za mabaki yake. Mwishoni mwa Desemba 2024 Finland iliikamata Eagle S, ikishukiwa kuburuta nanga na kukata waya wa umeme wa Estlink 2 chini ya bahari. Januari 10, 2025 Marekani iliziwekea vikwazo meli 183 kwa mkupuo, nyingi zikiwa za mafuta. Siku hizohizo kampuni inayosimamia bandari za mkoa wa Shandong, China, ilikuwa imeshazifungia mlango meli zenye vikwazo vya Marekani. Nauli za VLCC zisizo na vikwazo zikaruka.

Sisi wa pwani hii mchezo huu tunaufahamu kwa karibu. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli zaidi ya 30 za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa kwa bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, kazi iliyofanywa na wakala aliyekuwa Dubai. Barua zikatoka Washington, uchunguzi ukafanyika, meli zikafutwa kwenye daftari. Januari 2018 Rais Magufuli alisimamisha kabisa usajili wa meli za nje baada ya nyingine kukamatwa na shehena haramu. Katika wimbi la sasa Komoro ni miongoni mwa bendera zilizotajwa sana. Ada ya usajili ni fedha kidogo. Aibu inayokuja nayo haina bei.

Sasa fikiria amani imepatikana na Urusi imefunguliwa soko. Wenye shaka wanaona safari fupi zikirudi na tani-maili zikianguka. Ni kweli, lakini shehena zile zitahama pia kutoka meli za kivuli kwenda meli za halali, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hatagusa meli ya miaka 22 yenye bima ya karatasi. Meli za kivuli zenyewe hazitaweza kurudi kushindana. Nyingi njia yao ni moja, Alang. Mahitaji ya umbali yatapungua, ugavi halisi nao utapungua, na pigo litakuwa dogo kuliko wanavyotabiri. Bahari ya Shamu ni kisa kingine: ikitulia, meli zinazozunguka Rasi ni za halali, na safari ikifupika zinabaki zilezile, zimezidi. Kwa hiyo ningekuwa na hisa za meli, amani ya Yemen ingeninyima usingizi kuliko amani ya Ukraine.

Msomaji wa Dar, Mombasa au Kampala atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu, ila si kwa njia inayoelezwa mara nyingi. Afrika Mashariki haiagizi mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER, Kigamboni, kiliacha kusafisha zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na kile cha Changamwe, Mombasa, kikafuata 2013. Tunaagiza petroli, dizeli na mafuta ya ndege, vingi kutoka Ghuba na magharibi ya India, kwa meli ndogo kuliko VLCC. Njia hiyo haipiti Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, hata kidogo. Hata hivyo, vurugu za Bahari ya Shamu zilipopamba moto mwanzoni mwa 2024, mwenye meli ya dizeli aliyekuwa Ruwais au Jubail, bandari za Ghuba, alikuwa na simu mbili mezani: ya kuja Dar, safari fupi, na ya kwenda Ulaya kwa kuzunguka Rasi, miezi ya kazi kwa nauli ya juu. Ili aje kwetu, ilibidi tumlipe anacholipwa na wa Rotterdam. Bei yetu inapangwa na safari ambayo sisi hatusafiri.

Mwaka huohuo ulileta pia kinyume chake. Katikati ya 2024 nauli za mafuta ghafi zilikuwa zimelegea na za dizeli ziko juu, basi wenye VLCC kadhaa wakafanya jambo ambalo hawalifanyi kila siku: waliosha matangi. Ni kazi ya gharama na ya hatari. Utando wa mafuta ghafi uliogandia kwenye kuta husuguliwa na mitambo ya maji ya moto, masazo hutolewa, gesi hupimwa, kisha mkaguzi huthibitisha kwamba dizeli haitachafuka. Meli moja ya namna hiyo ikishusha Ulaya, imechukua kazi ya meli za kawaida za dizeli kadhaa, na hizo zikaachwa zitafute mizigo kwingine, ikiwemo huku. Mipaka kati ya soko la mafuta ghafi na la dizeli inavuja.

Lakini tuwe wakweli kuhusu uzito wa nauli kwenye lita. Sehemu kubwa ya bei ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Tanzania, huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi ni bei ya mafuta yenyewe, kodi na tozo. Nauli imo ndani ya ile ziada anayoomba mshindi wa zabuni ya uagizaji wa pamoja. Kuna mstari mwingine kwenye mchanganuo ambao haulaumiwi vya kutosha: faini ya kuchelewesha meli. Meli ikifika nje ya bandari ya Dar na kukuta foleni ya Kurasini au boya la kushushia mafuta la Mjimwema likiwa na mgeni, saa inaanza kuhesabu, na kiwango kinachohesabiwa hufuata nauli za dunia. Soko likiwa juu, kila siku ya kusubiri inauma zaidi. Vita vya Yemen hatuviwezi, foleni yetu tunaiweza. Matangi 15 ya mradi wa Kigamboni, yenye uwezo wa lita milioni 378, kwangu yana maana zaidi kwa bei ya pampu kuliko ubashiri wote wa madalali wa London.

Kenya ilichagua njia nyingine Aprili 2023 kwa mikataba ya serikali na kampuni tatu za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, lengo kuu likiwa kupata mkopo wa siku 180 na kupunguza njaa ya dola. Ziada ikafungwa kwa mkataba. Nauli za dunia zikipanda, aliyefunga bei anaonekana mjanja. Zikishuka, anaonekana ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wakosoaji wake walipata mengi ya kusema, na si yote yalikuwa siasa.

Swali hilohilo linaisubiri Tanga, safari hii tukiwa upande wa muuzaji. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limesanifiwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku, na matangi ya mwisho wa bomba yatahifadhi mapipa milioni 2. Gawanya: kwa kasi hiyo matangi matupu yanajaa kwa siku tisa. Meli ya mapipa milioni moja inatakiwa gatini karibu kila siku tano, bila kukosa, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa. Bomba zima linapashwa joto, na meli nayo lazima iwe na mabomba ya joto ndani ya matangi. Si kila meli iliyo karibu itafaa. Muuzaji anayetegemea soko la siku kwa siku atakuwa anabembeleza meli chache kila juma, na wenye meli watayajua matangi yake yamefika kimo gani.

Kuna wanaosema wauzaji wa mafuta hayo wakodi meli kwa mkataba wa miaka mingi ili nauli isiwayumbishe. Kuna wanaosema wasijifunge wakati meli mpya zinamiminika kutoka China na nauli huenda zikashuka. Mimi ningefunga meli za kutosha kuhakikisha bomba halisimami, labda theluthi mbili ya shehena, tena kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu isiyofika kumi, na kilichobaki ningekiuza mnunuzi aje na meli yake. Asiyekubali hesabu hiyo aanze kwa kuonyesha mafuta yatawekwa wapi siku ya kumi.